Mhesabu kompyuta za dunia, na ile moja iliyonyamaza

Mwandishi wa makala haya ana sifa moja ambayo hata mhariri wake, mtu mgumu wa kusifu, anaikubali: haingilii habari. Anakaa pembeni, anaangalia, anaandika, anaondoka. Hata paa likivuja, yeye ataandika ukubwa wa matone.

Ijumaa, saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho. Mwanamume wa miaka arobaini na miwili amekaa mbele ya skrini mbili na kikombe cha chai iliyopoa. Majirani wa korido wanamwita Bwana Sensa, na hawajakosea. Anahesabu, ila si watu.

Sarafu ya kidijitali anayoifuatilia haina makao makuu. Daftari lake la miamala linatunzwa na maelfu ya kompyuta zilizotapakaa duniani, kila moja ikiitwa nodi. Taasisi moja ya utafiti inataka kujua ziko ngapi na ziko wapi. Ikamwajiri yeye, peke yake. Huu ni mwaka wa sita.

"Nagonga mlango," anaeleza. "Ikiitika, naiuliza inawajua nani wengine. Inanipa orodha, naenda kugonga na huko. Hivyo hivyo mpaka dunia iishe."

Wiki hii zimeitika elfu kumi na saba na ushei. Anwani ya intaneti humwonyesha nchi ya kila moja, ingawa zipo zilizoficha anwani, na hizo huziandika tu kwamba hazijulikani ziliko. Kisha kuna zilizojifungia ndani: zinafanya kazi, lakini hazimfungulii mgeni. Hizo huzikadiria kwa kufuatilia jinsi wenzao wanavyozitaja. Anaamini ni mara tatu ya zile zinazoitika.

"Nyingi zimejifungia," anasema. "Kama mimi." Anacheka peke yake, maana mwandishi alikuwa bado anaandika sentensi ya nyuma.

Ripoti huituma kila Ijumaa saa sita mchana. Jibu huwa neno moja: imepokelewa. Mwaka jana lilikuja na alama ya mshangao, akafurahi mpaka jioni.

Kwenye ramani yake nukta za kijani zimesongamana katika miji mikubwa. Chini kabisa, mbali na wenzake, kuna moja ya kijivu. Anaitazama kila baada ya dakika chache, halafu anajifanya hakuitazama.

Ni kompyuta ya dada yake, aliyemlea. Bwana Sensa ndiye aliyemfungia sebuleni, karibu na cherehani, enzi walipokuwa wakielewana. Miaka miwili iliyopita mama yao alifariki, na Bwana Sensa akafika siku moja baada ya mazishi. Dada akamwambia ya moyoni mbele za watu. Tangu siku hiyo hawajasemeshana.

"Na alikuwa na haki," anasema.

Lakini nukta ilibaki kijani. Kila asubuhi aligonga, ikaitika, akanywa chai. Sasa ni siku ya tatu ya kimya, na kanuni, ambayo aliiandika mwenyewe, inasema nodi iliyonyamaza siku tatu ifutwe kabla ya ripoti ya saa sita. Huenda umeme umekatika, anasema. Huenda ni mtandao. Jambo la tatu halitaji.

Mwandishi anamuuliza kwa nini asipige simu. Namba iko hapo ukutani, chini ya neno "Dharura".

"Nikipiga halafu asipokee, dogo?"

Mwandishi anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Anarudi baada ya dakika kumi, anauliza kuhusu mipango ya mwakani. Bwana Sensa anasema ataomba aletewe mtu wa pili, hata wa nusu siku. "Si kwamba kazi ni nyingi," anaongeza.

Saa sita kasoro dakika ishirini. Kwenye orodha ameshaufikia mstari wa dada yake, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta, wakati mama wa usafi anaingia na ndoo.

"Baba, huyu mgeni wako msalani hakufika," anasema. "Nimemkuta kwenye ngazi anaongea na dada yako. Simu yake inavuma kama redio, nimesikia yote."

Anayamwaga bila kupumzika. Kwamba dada aliizima mwenyewe Jumanne, aone mdogo wake atakaa siku ngapi kabla ya kumuulizia. Kwamba hataiwasha hadi asikie kutoka kwake, si kwa mtu wa magazeti.

Mwandishi anaichunguza kalamu yake. Bwana Sensa anaondoa mkono kwenye kibodi.

"Alikuwa anakohoa?" anauliza.

"Hapana, kaka," anajibu mwandishi. "Mzima kabisa."

"Alikohoa," anasema mama wa usafi, akikamua tambara. "Tena sana. Na wewe ukamwambia anywe maji ya moto."