Nilimwambia Dada Yangu Ni Mtandao

Nilikosa. Naanza hapo ili usinihurumie kabla hujasikia. Nilimnyima dada yangu nafasi ya kumuaga mama yetu, kisha nikamdanganya, na mpaka leo hajui.

Nina duka dogo la kutengeneza kompyuta hapa Nyeri mjini. Dada yangu, nimwite Nyambura ingawa si jina lake, anaishi ng'ambo. Makaratasi yake hayajakaa sawa. Akitoka huko hawezi kurudi, na watoto wake wako huko. Kwa hivyo mama alipofariki kwetu Tetu, Nyambura alijua hatakuja.

Aliniomba kitu kimoja tu. "Unirushie mazishi laivu, na kabla hamjaweka mchanga mniachie dakika mbili niongee na Mami. Hiyo tu. Sitaki kitu ingine."

Nikamwambia asijali, hiyo ni kazi yangu. Kazi yangu!

Wiki hiyo nilikuwa nimenunua kadi ya sauti, kile kidude kinachochomekwa kwenye USB ili kuunganisha laptopu na maikrofoni na spika kubwa. Nilitaka kuanza kurusha harusi na mazishi ya watu. Nikaona, Mungu anisamehe, kwamba hapo ndipo pazuri pa kuonyesha kazi. Hata bango nilichapisha, lenye namba yangu ya simu, nikalifunga kwenye hema ya mazishi ya mama yangu mzazi!

Sasa sikiliza. Siku tatu kabla, nilijaribu mitambo dukani. Dakika kumi hivi, skrini ikawa ya bluu, laptopu ikajizima. Nikawasha, ikajizima tena. Nikabadilisha tundu la USB. Nikafuta draiva, ile programu inayoelewanisha kidude na kompyuta, nikaweka nyingine. Wapi! Nilipochomoa kidude, laptopu ilikaa mchana mzima bila shida. Nilipokirudisha, ikazima. Mtu hahitaji cheti kujua ugonjwa ulikuwa wapi.

Mke wangu alikuwa amekaa pale akinitazama. "Si utumie tu simu yangu? Nyambura anataka kuongea na mamake, hataki redio."

"Sauti ya simu ni ya aibu," nikamjibu. "Watu watasema aje?"

Jaribio la mwisho lilikaa nusu saa bila kuzima. Nikajiambia imepona. Moyoni nilijua haijapona, kwa sababu siku ya mazishi sikukichomeka kidude wakati wa ibada. Nilingoja tufike kaburini ndipo nikichomeke.

Pastor akasema, "Sasa tusikie msichana wetu mwenye ako mbali." Nyambura akatokea kwenye skrini, amefunga kitambaa kichwani.

"Mami," akasema, "ni mimi."

Skrini ikawa ya bluu.

Nikawasha tena, kidude kikiwa papo hapo. Sikusahau kukichomoa, usidhani nilisahau! Kijiji kizima kilikuwa kinanitazama, na nilitaka ile spika. Ikawaka, ikazima. Pastor akaniinamia sikioni. "Mvua inakuja. Tuendelee?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi mwenyewe.

Mara ya tatu ndipo nilipokichomoa. Laptopu ilipowaka, vijana walikuwa wanasawazisha udongo kwa sepetu. Alichoona Nyambura ni watu wakipanda maua.

"Nini ilifanyika?" akaniuliza jioni kwenye simu.

"Ni mtandao ya huku Tetu. Si unaijua."

Alilia. Kisha akaanza kunituliza mimi! "Usijilaumu. Ulijaribu."

Juma lililofuata akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, akaniomba niende kaburini nikamsikizishe Mami. Nikaenda peke yangu. Nikashika simu juu ya udongo, nikabonyeza. Aliongea Kikuyu, nami nakuandikia kwa Kiswahili.

"Mami, ni mimi. Nisamehe nimechelewa, mtandao wa nyumbani ulikatika. Usimkasirikie ndugu yangu. Alifanya yote aliyoweza."

Aki, nilipiga magoti kwenye yale matope nikalia kama mtoto. Uongo wangu ulikuwa umefikishwa kwa mama na mtu asiye na kosa. Na ile sauti ya simu niliyoionea aibu ilisikika vizuri, kila neno.

Bango nililichoma. Kidude kiko kwenye droo dukani, sikiuzi na sikitupi. Lakini sasa dada yangu akipiga simu natafuta sababu ya kukata haraka. Mtu niliyekuwa nikicheka naye saa nzima! Hiyo ndiyo hasara yangu. Nimezika mama, na dada naye ninampoteza akiwa hai.

Wewe unayesoma, kitu kikikuonyesha wazi kwamba ni kibovu, usikipeleke mahali ambapo hakuna kurudia. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kabla hujasamehewa kosa lisilo lile ulilotenda. Mimi nimeweza kuwaambia ninyi nyote msionijua, lakini yeye bado nimeshindwa.

Jumapili atapiga tena. Swali lake la kwanza huwa lile lile, kama maua ya Mami yameshika.