Walitunyima cheti cha ngoma ya kuniaga Morogoro, tukatwanga

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nimesimama, sababu mtaijua. Yote yamenipata mwenyewe, asiyeamini apite tu, hatugombani.

Mimi mtoto wa Unguja. Mjomba alinileta huku bara kwa Mdachi, nisome shule ya serikali Morogoro, eti nirudi karani. Masomo yangu yakaisha, kesho yake garimoshi, nyumbani.

Rafiki yangu Mkude, Mluguru wa Mkuyuni, alikuwa akikaa Mwembesongo kwa mama yake mkubwa. Akaniambia, "Huondoki kimyakimya kama mwizi. Tutakuchezea ngoma."

Sasa ngoma bila cheti cha boma ni viboko, mnajua. Na Mkude bado anasoma. Akikamatwa, anachapwa, na shule ndiyo basi tena. Hilo tu ndilo lililokuwa likinitia hofu.

Tukaenda kwa akida kuomba cheti, kwa adabu zote, shikamoo juu ya shikamoo. Akatutazama kuanzia miguuni.

"Wanafunzi wa serikali hawachezi ushenzi wa milimani."

Jamani! Mtu mweusi mwenzetu, kanzu kama yangu, wa pwani kama mimi! Niliona aibu kuliko Mkude.

Mama mkubwa aliposikia, akacheka mpaka akakaa chini. "Na kutwanga kunataka cheti?"

Tukamjibu hakutaki.

"Basi msafiri atwangiwe unga wa njiani. Leteni vinu."

Baada ya magharibi ua ukajaa kina mama na vinu vyao, na wanafunzi wenzetu wa darasani. Mchi huu unashuka, ule unajibu, wengine makofi. Wallahi sijawahi kusikia kitu kitamu vile. Mwanamume kushika mchi ni kichekesho, kwetu na kwao, lakini mimi na Mkude tulinyang'anya tukaingia. Watu hoi kwa kicheko.

Mkude naye kwa kunogewa! Kinu kitupu kinalia zaidi, akamwaga mahindi yake pembeni ili chake kisikike.

Mara akida huyo, na askari wawili.

"Ngoma ya nani hii?"

"Ngoma iko wapi, mwanangu?" mama mkubwa akamjibu. "Tunatwanga. Mgeni ana safari."

Akapita kinu hadi kinu, anachota unga, anaupukuta. Akafika cha Mkude. Kitupu, hata punje hamna.

"Hiki cha nani?"

Mkude akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Changu. Na sikuwa natwanga, nilikuwa nacheza. Ngoma ya kuniaga, ile uliyoninyima."

Nililazwa palepale uani. Wakuu, sikulia. Si ushujaa, nilikuwa na hasira tu.

Kiboko cha tatu hivi, nikasikia *du*. Mama mkubwa ameshika mchi. *Du*. Jirani yake naye. Kisha vinu vyote. Akida akapiga kelele wanyamaze.

"Unga haujaisha, mwanangu," akamwambia. "Wewe fanya kazi yako, na sisi tufanye yetu."

Angefanya nini? Unga ulikuwamo, ameuona kwa macho yake. Askari alimaliza kunichapa huku vinu vinalia, mwenyewe mkono unafuata michi bila kujijua. Akida akatoka hakuaga. Mimi nikainuka, nikachukua mchi wangu.

Ndiyo hivyo. Niko garini, benchi tupu liko hapa na siwezi kulikalia. Furushi la unga nimelikumbatia. Asubuhi Mkude alinifikisha stesheni, akakimbia kuwahi darasani.

Nilichojifunza: mtu akikunyima ruhusa ya kufurahi, muulize nani alimpa hiyo furaha aigawe. Na ukipigwa kwa ajili ya rafiki, inauma vilevile, msidanganywe.

Uwanja wenu sasa. Mnaotaka kumtetea akida nanyi karibuni, ila mje na cheti.