Siku Niliyomwonyesha Mwalimu kwa Kidevu

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, ambayo kwa miaka mingi nilimwomba Mungu aniondolee kichwani. Hakuniondolea. Sasa nadhani alijua alichokuwa akifanya, kwa kuwa aibu nyingine mtu huachiwa ili iwafae wenzake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu hapa Moroni. Usicheke. Magoti haya unayoyasikia yakilalamika kwenye ngazi, wakati ule yalikuwa yakiruka. Kocha wetu aliitwa Mwalimu Echati, mwanamke wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, aliyekuja huku kisiwani kwetu Ngazija kufundisha michezo shuleni na akakaa miaka tisa. Hakuwa na maneno mengi. Ukichelewa hakukugombeza. Alisimamisha mazoezi, timu nzima ikakungoja juani bila kunung'unika, na wewe ukatembea kutoka langoni hadi uwanjani ukitazamwa na wenzako kumi na mmoja. Hukurudia.

Siku aliyonipa unahodha alinivuta pembeni. "Sikukuchagua kwa kufunga vikapu," alisema. "Mariama anakushinda. Nimekuchagua kwa sababu wenzako hukutazama wewe kabla ya kufanya jambo. Huo ni mzigo, binti. Usiufanye kilemba."

Mimi niliufanya kilemba. Nilitembea Volo Volo sokoni shingo imenyooka, nikitaka hata wauza samaki wajue nahodha anapita.

Miaka ile Nzwani ilikuwa imetangaza kujitenga nasi. Wakubwa walikutana ng'ambo kutafuta suluhu, wajumbe wa Nzwani wakakataa kutia saini, na Moroni ikawaka. Vijana waliziba barabara kwa mawe na matairi, wakasimamisha teksi, wakawasemesha abiria. Lugha zetu ni ndugu, lakini Mnzwani akifungua kinywa, Mngazija humjua papo hapo. Aliyejulikana aliteremshwa na kupelekwa bandarini na nguo alizovaa, arudi kwao. Watu hao walikuwa majirani zetu, mwanangu. Walikuwa mafundi, walimu, wauza vitunguu.

Mariama alikwenda kumsihi Mwalimu asitoke. Mwalimu akamjibu kwamba alipanga mazoezi Jumamosi, na Jumamosi imefika. Akaja kwa miguu, kwa vichochoro.

Tulikuwa tumekwisha kukimbia mizunguko yetu, jasho linatutoka, Mwalimu ameingia katika stoo kutoa mipira, mara wakaingia vijana wapata kumi wenye fimbo. Aliyewaongoza alikuwa fundi magari wa mtaa wetu. Nilimfahamu na mama yake pia.

"Tumeambiwa kuna Mnzwani anafundisha hapa," alisema.

Mariama, ambaye kwa kawaida hata kuagiza chai alikuwa akiona haya, akajibu bila kupepesa macho: "Mwalimu hajaja leo."

Yule fundi akanigeukia. "Nahodha ni wewe. Anasema kweli?" Kisha akatabasamu, akaongeza taratibu: "Au na wewe tukuulize kwenu wapi? Si mliletwa kwa ndege nyinyi?"

Hapo lazima nikueleze. Sisi ni katika wale wanaoitwa Sabena, kwa jina la ndege zilizotuleta. Wazazi wangu walikuwa Wangazija wa Majunga, huko Bukini, yaani Madagaska. Yalipotokea mauaji ya Wangazija, baba alibaki kaburini na mama akapakiwa na mimi mgongoni, nina miaka minne. Tulirudi nchi ya mababu, na bado watoto wa shule waliniita mgeni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Niliziona zile fimbo nikaona bandari, nikamwona mama na kifurushi kichwani kwa mara ya pili.

Lakini nisijifiche nyuma ya hofu. Kulikuwa na jambo jingine. Wenzangu wote walikuwa wakinitazama, na mimi nilitaka fundi yule mbele yao aseme kwamba mimi ni wa hapa.

Neno moja lilitosha. "Ndiyo," basi, wangeondoka. Mimi nikasema: "Sisi hatuna haja ya Mnzwani hapa." Na kidevu changu, mwanangu, kidevu hikihiki, kikaelekea mlango wa stoo.

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Alikuwa amesikia kila kitu. Alitoka mwenyewe kabla hawajamfuata, akiwa na wavu wa mipira begani. Akautua chini polepole.

"Nakuja," akawaambia. "Wasichana hawa msiwaguse."

Akanipita karibu sana. Nilingoja anitemee mate, na laiti angenitemea. Akanivulia filimbi yake shingoni, akanitia mkononi, akasema kwa sauti ya kila siku: "Hawajanyoosha viungo. Usiwaache wapoe hivyo, wataumia."

Wakaondoka naye. Nami, unajua nilifanya nini? Nilipuliza filimbi. Nikawaamuru wanyooshe viungo, nikahesabu moja mpaka kumi. Wachache walinifuata wakitazama sakafu. Mariama alichukua viatu vyake akatoka bila kuvivaa.

Nyumbani nilimsimulia mama, nikidhani atanishukuru kwa kutuepushia balaa. Mama alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Sijapata kukwambia," alisema, "nani aliwaonyesha nyumba yetu kule Majunga. Hakuwa adui. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, aliyekula wali wangu kila Idi. Naye alikuwa akiogopa, maskini. Alinyoosha mkono tu, hakumpiga baba yako hata kofi. Nilikuleta kote huku mgongoni, nisijue nimembeba nani."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.

Mama alipika wali ule, akaufunga kwenye sufuria, tukashuka bandarini. Watu wamejaa, watoto wanalia, mabegi machache. Nilimwona Mwalimu Echati ameketi juu ya jiwe, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Nilisimama nyuma ya ukuta wa ghala, mama akaenda peke yake. Aliporudi nikamuuliza amesema nini.

"Amenishukuru kwa wali. Ameuliza nani atamkanda Mariama lile goti lake bovu."

"Na mimi?"

"Hakukutaja."

Ukocha nikaachiwa mimi. Nilijua michezo yote aliyotufundisha, na hakuna hata mmoja uliofanya kazi. Nikisema kimbieni, walikimbia kama watu wanaosindikiza maiti. Hakuna aliyenitukana. Waliacha kunitazama, basi. Mmoja alisema anaolewa, wa pili anahamia Itsandra kwa shangazi yake, wa tatu hakusema kitu. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nahodha wa mipira sita na wavu.

Visiwa vilipopatana, ilinichukua miaka mingine minne kupata moyo wa kwenda Mutsamudu. Nilimkuta katika uwanja wa saruji juu ya mji wa kale, nywele zimeanza mvi, anafundisha wasichana wa huko. Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu ya toba melini. Nikaisahau yote. Nikapiga magoti mbele yake, nikalia.

"Simama," alisema. "Kukusamehe nilikusamehe siku nyingi, kinyongo kilikuwa kinanichosha. Lakini usinililie mimi. Hawa wanataka kuchagua nahodha leo. Waambie ulichofanya."

"Mwalimu, nitasemaje mbele ya watoto?"

"Ulisema mbele ya wenzako."

Nikasimama mbele yao, wasichana kumi na watano wa Nzwani. Mwanzo walichekeana kwa lafudhi yangu ya Kingazija, kisha wakaacha kucheka. Nilisema yote, na ya kidevu pia. Nilipomaliza, msichana mmoja mrefu akainua mkono. "Bibie, wangekupeleka wapi nawe? Ungerudishwa kwenu wapi?"

Nilifika mpaka pale bila hata siku moja kujiuliza. Wasingekuwa na pa kunipeleka, maana kwetu kwingine sikuwa nako. Mwalimu Echati alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akasema, "Keti, binti. Leo umefanya kazi ya nahodha."

Sijaona nishani inayolingana na ile, wala sikustahili.

Basi mwanangu, wewe umechaguliwa kuwaongoza wenzako, na nyumba imejaa pongezi. Pokea na yangu. Ukubwa hautajulikana siku ya kushangiliwa. Utajulikana asubuhi moja usiyoitazamia, watu wakali wamesimama mbele yako, na aliye dhaifu yuko nyuma ya mlango mwembamba anasikiliza utakachosema. Siku hiyo usipime kwamba wewe ni wa wapi. Mwenye kumtoa mwenzake ili akubaliwe, hakubaliwi. Hukodishwa tu kwa muda. Na ukiwa umekwisha kosa, maana sisi ni wanadamu, usikae miaka nyuma ya ukuta wa ghala kama mimi. Nenda siku ileile, hata kama huna la kusema. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye hulelewa, akafaa.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mzito wa kuwataja watu na mwepesi wa kuwakinga. Akupe wenzako watakaokutazama bila haya, nawe uwatazame bila haya. Na siku yako ya fimbo ikifika, mwanangu, ikukute umesimama mbele ya mlango. Amin.