Tulivyopeleka Sabuni Kilindini

Niliondoka Chumbageni, Tanga, nimefura. Mtaalamu mmoja wa samaki, viatu vyeupe, alisimama mbele ya kijiji kizima cha Mkwaja akamwita mjomba wangu, Mzee Kombo, mwongo. Mjomba alisema huko nje, chini kabisa, kuna mlima una samaki. Mtaalamu akasema ramani yake inaonyesha tope tupu, kwa hiyo mishipi na ndoana za mgao ziende vijiji vingine. Na madukani wakati ule hata uzi wa kushonea hupati!

Nikapitia Horohoro kwanza, kule mpakani, nikatoka na mche wa sabuni ya magendo kiunoni. Sabuni hupakwa kwenye chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi. Kikigusa chini, kinarudi na kilichoko huko kimenata kwenye sabuni.

Mkwaja, asubuhi. Mke wa mjomba alipoiona sabuni akapiga kelele: "Sie tunafulia majani ya mpapai, nyie mnakwenda kuogesha bahari!"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kugombana au kuvua?"

"Vyote."

Tukampakia na mtaalamu chomboni, akajionee mwenyewe. Tulipofika kilindini, alikuwa ameshatapika mara mbili, kitaalamu kabisa. Mjomba alikuwa bado anatazama alama zake za nchi kavu ajue tulipo, mimi nikaipaka chubwi sabuni, nikaitupa. Ikarudi na tope jeusi.

"Tope," mtaalamu akacheka. "Kama nilivyoandika."

Nilitaka kumtupa yeye.

"Kaa chini, mdomo wewe!" mjomba akanifokea. "Mkondo umekuchukulia mshipi kaskazini, umeangukia bondeni. Kule maji yametulia, tope linatua. Juu ya mlima mkondo unafagia, na unaleta chakula."

Na mimi Chumbageni nawahubiria watu, kwa kitabu changu kimoja kisicho na jalada, kwamba mkondo ndio unaorundika mlima!

Tukapiga makasia kurudi kusini. Mjomba akapaka sabuni iliyobaki, akashusha mwenyewe. Chubwi ikarudi na kipande cha tumbawe jeupe, na kiti cha pweza kidogo, yule mdudu wa bahari mwenye umbo la nyota, miguu kama nyuzi, bado inacheza.

"Mzee, nisamehe," mtaalamu akasema.

"Usiniombe hapa, tuko watatu. Mwongo uliniita mbele za watu."

Adhuhuri, mchangani, watu wamejaa, mtaalamu akapaza sauti: "Mzee Kombo alisema kweli. Mishipi inabaki hapa."

"Haya," mjomba akasema, akaenda zake kuswali.

Njiani kurudi Tanga niliitafuna safari yangu. Mkondo haujengi mlima, unaulisha. Hilo nimelielewa. Jingine linaniuma kulisema: mtaalamu alitaka kummaliza mjomba kwa ramani, mimi nusura nimmalize kwa pupa ya kumpenda.