Bidon ya Kasiksi Niliyoikimbia

Ndugu zangu, nisiwafiche: mie, prof wa biolojia wa kujigamba, nilikimbia bidon (dumu) ya pombe mbele ya baba mukwe, na kijiji nzima ya Nyamitaba ingali inanicheka.

Ilikuwa myaka ile ya vita. Mbuzi za dot (mahari) zilikwisha kupokelewa kwa akina Furaha, muchumba yangu, ikabaki kasiksi tu (ile pombe yetu ya ndizi), na kwetu baba mukwe akiikataa, mbuzi zinarudi. Mama akaitengeneza, akaziba mudomo ya bidon na majani ya ndizi kama anavyofanyaka siku zote. Nikamucheka! "Mama, mule muko chachu, vidudu vidogo sana. Vikipata hewa, vinawasha jeni za kupumua, vinakula sukari bure. Hewa ikiisha, vinazima zile, vinawasha za kufanya pombe. Hii majani yako inapitisha hewa!"

"Prof, hiyo majani uiache," akasema.

Nikaitoa. Nikakaza kifuniko mpaka mikono ikauma, nikazungushia na mupira ya kinga (baiskeli). Kesho yake bidon ikavimba, nikajisifu kwamba chachu iko kazini (gesi? naifundishaka kila mwaka, siku ile nikaisahau).

Siku ya kutoa kasiksi tukaweka bidon juani kwa baba mukwe, katikati ya wageni. Papa yake Furaha akasimama: "Mutoto yangu ninamupa muntu mwenye atamuchunga katika hii vita..."

PAAA!

Watu wote chini! Papa akamulalia Furaha, akamufunika na mwili yake. Na mie bwana-arusi? Mie niliruka uzio ya lupango, nikapita shamba ya maharagi, nikafika mutoni na kiatu moja, njo nikasikia shati yangu inanuka kasiksi: haikuwa risasi, ni bidon yangu ilipasuka.

Nikarudi. Papa alikuwa na povu kwenye ndevu. "Prof, mie nilimulalia mutoto yangu. Weye ulikuwa wapi?"

Ee, haya ile! Nikarudi nyumbani na mbuzi zangu, Furaha akiniangalia tu.

Nikajifunza kwa Mama kuziba na majani, gesi ipate pa kutokea, nikarudi na mbuzi mara ya pili. Papa akaonja, kisha akanikalisha chini, bidon katikati ya magoti yangu. "Kaa hapo mpaka wageni waimalize, bila kukimbia." Nikakaa mpaka tone la mwisho, njo Furaha akakuja kunikamata mukono.

Jeni za chachu ningali nazifundisha, na ninazijua vizuri. Lakini kifuniko ya bidon? Sitaikaza tena, hata muninyang'anye diploma.