Binti Aliyebaki Mlangoni

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, upepo wa Ufipa umeanza kuuma masikio, na mimi nimejibanza jikoni kwa shangazi yangu nasoma kijitabu na kucheka peke yangu. Siku hiyo bibi yangu, mama wa baba, alinikaripia kwa sauti ya chini. Karipio la kelele hupita na upepo. La sauti ya chini ndilo linalokaa na mtu mpaka anaota mvi.

Nitakusimulia. Ila kwanza nikuambie kwa nini nimeikumbuka wiki hii.

Anjela, mjukuu wangu, amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo hapa kwangu Kizwite. Jioni hunisomea, kwa maana macho yangu siku hizi huona vizuri makosa ya watu, herufi hayazioni. Juzi alikuja na kitabu kinene kama tofali: nchi za kubuni, wafalme wanaogombea kiti kimoja, majoka yanayoruka. Ni cha Kiingereza, lakini yeye husoma na kunifasiria, nami na kidato changu cha nne huitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kuelewa.

"Vipo vinne, Babu," akaniambia. "Mwandishi aliahidi sita. Hicho cha tano watu wanakingoja tangu mimi niko chekechea."

"Na mwandishi yu hai?"

"Yupo. Ila mzee."

"Mzee kama nani?"

Akanitazama. Akakitazama kitabu. Akanitazama tena, kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na maji. "Sijui nianze, sijui tusubiri kwanza kiishe. Tusubiri tu, Babu." Akaenda kukiweka juu ya kabati, mbali, kama mtu anayeficha sumu ya panya.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Majirani husema nikionekana stendi, basi kuna msiba. Lakini anayekaa nyumbani hujifunza kusoma nyuso, hana kingine cha kusoma. Hesabu aliyoipiga yule binti niliiona. Hakuwa anampima mwandishi peke yake. Alikuwa anapima ni nani kati ya wazee wawili atakayetangulia kumwacha njiani.

Sikukasirika. Hesabu hiyo nami niliwahi kuipiga.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kijijini kwetu, ndani kidogo ya barabara iendayo Laela. Matokeo yalipokuja yalinishauri nibaki nyumbani, nami ni mtu msikivu. Bibi alikuwa ameletwa kutoka hospitali na kifua kibaya. Daktari alimwambia baba pembeni kwamba mvua zijazo mama hatazikuta. Bibi mwenyewe aliambiwa anywe dawa na ajikinge baridi. Lakini mtu aliyezika wenzake kijiji kizima, utamficha nini?

Kila kukicha shangazi Tekla alimtandikia ngozi ya mbuzi ukutani, upande wa jua, akakaa pale anatazama kuku.

Mimi nilikuwa na vijitabu vitatu, nimeachiwa na mwalimu mmoja wa Mbeya aliyehamishwa. Ilikuwa hadithi moja ndefu. Mfalme mchoyo aliiteka mito saba akaifungia chini ya ardhi, kila mto na mlango wake, na nchi nzima ikakauka. Binti wa mhunzi, jina lake Sikitu, akaondoka kwenda kuifungua. Kijitabu kimoja, mto mmoja. Nyuma ya kile cha tatu palikuwa na maneno, "Usikose sehemu ya nne." Ya nne haikuwa imetoka, na wala hakuna aliyejua itatoka lini.

"Wewe, mwana wa kaka," shangazi akaniambia, "si umsomee mama hiyo hadithi yako? Anashinda na kuku."

"Haijaisha, shangazi."

"Na kuku je, wameisha?"

Lakini mimi nilikuwa msomi, nimeshafikiri. Nilisema, mtu ambaye siku zake zinahesabika utamwonjeshaje kitu ambacho hakina mwisho? Si kumwongezea kiu? Basi nikamsomea kijarida cha mbolea. Hicho kilikuwa na mwisho. Mwisho wake ulisema, hifadhi mahali pakavu. Bibi alisikiliza mpaka neno la mwisho, akanishukuru, akageukia kuku wake.

Ndipo ikaja ile siku. Nimejibanza jikoni, nimefika mahali Sikitu anamdanganya mlinzi wa mto wa pili kwamba yeye ni muuza chumvi, kicheko kikanitoka.

"Mume wangu!" Ni Bibi, kule ukutani. Ndivyo alivyoniita tangu nilipozaliwa, na kwa utani huo alinidai kuni, maji na heshima. "Mume gani huyu, anakula jikoni peke yake, mkewe amemfungia mlango?"

Nikatoka na kijitabu nyuma ya mgongo. "Si chakula, Bibi. Ni hadithi tu. Haijaisha. Nangoja sehemu zilizobaki zitoke, nikusomee yote kwa pamoja." Kisha, kwa ujinga wa mtu aliyefaulu Kiswahili tu, nikaongeza, "Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu huliwa na mwenye meno," akasema, akanifunulia fizi.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akauliza polepole, "Ulinionea huruma?"

Nikakitoa kijitabu nyuma ya mgongo.

"Niinue. Chukua na jembe."

Nikamshika mkono tukaenda mpaka shamba la nyuma ya nyumba. Pale mimi na shangazi tulikuwa tumeanza ntumba. Kwa wewe uliyekulia mjini nieleze: ni vile vilima vya duara unavyoviona ukipita Ufipa. Mvua zikikaribia kwisha tunazipindua nyasi kwa jembe, tunazifunika udongo zioze ndani, juu tunapanda maharage. Mvua nyingine zikija ndipo kilima kinabomolewa, udongo ulioshiba unasambazwa, unapandwa ulezi. Kwa hiyo jasho ni la mwaka huu, ulezi ni wa mwaka mwingine kabisa.

"Pindua," akasema.

Nikapindua kilima kimoja, yeye kaegemea fimbo yake.

"Maharage ya hapa atakula nani?"

"Wewe, Bibi, Mungu akipenda."

"Na ulezi?"

Jembe likasimama.

"Nakuuliza, mume wangu. Ulezi wa mvua zijazo."

"Sisi," nikasema.

"Haya. Wewe unalijua, mimi nalijua, na yule daktari analijua. Mbona basi hamkuniambia, Bibi, acha ntumba, ulezi wake hutauona? Jana nimekaa hapa nawaonyesha nyasi zilale upande gani, wote mkanyamaza mkafuata. Jembe mmeniachia. Hadithi umeninyima."

Nikajitetea. Nikasema sikutaka aondoke na kiu, bila kujua binti aliishia wapi.

Akavuta pumzi, ile pumzi yake ya shida. "Mwisho ninao wangu, nao unakuja wenyewe. Sina haja ya kuazima wa mtu mwingine. Wewe nipe katikati."

Mwanangu, nimesikiliza mahubiri mengi, na mapadre wazuri wamepita hapa kwetu. Hakuna neno lililonikata kama lile.

Nilianza kusoma siku ileile, tumekaa kwenye ngozi moja. Na laiti ungemwona! Nilidhani nitasoma naye atasikiliza. Hakusikiliza hata kidogo, aliingilia. Sikitu alipopotea jangwani, Bibi alisema huyo mtoto hajalelewa, angefuata njia ya ng'ombe kama wao walivyoshuka bondeni Mtowisa enzi za usichana wake kutafuta samaki. Ng'ombe hapotei maji. Mlinzi alipodanganywa kwa chumvi, aliomba nirudie mara ya pili, ya tatu, mpaka nikamwambia, "Bibi, hatutafika," naye akasema, "Nani amekwambia nina haraka?"

Shangazi Tekla alileta maharage yake ya kupukuchua pale ukutani, eti kuna jua zuri. Jua lilikuwepo siku zote.

Tukafika mwisho wa kijitabu cha tatu. Sikitu yuko mbele ya mlango wa mto wa nne, mkono uko kwenye komeo, mlango umefunguka upana wa kiganja, kuna sauti inamwita jina kutoka ndani. Basi. Usikose sehemu ya nne.

Nikafunga kitabu, nikamtazama Bibi kwa hofu. Hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa.

"Ni mama yake," Bibi akasema.

"Nani?"

"Anayemwita. Mhunzi alisema mkewe alikwenda kuteka maji hakurudi. Hukusikia? Ulikuwa unasoma nini?"

"Si mama yake," shangazi akadakia. "Ni mtego wa mfalme."

"Tekla, wewe hata ukiitwa ukale unadhani ni mtego."

Mzozo huo ulidumu majuma, mwanangu. Kila mmoja akaleta ushahidi wake, nami nikatumwa kurudi kurasa za nyuma kama karani wa mahakama. Bibi akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka tukaogopa, akapangusa macho, akasema, "Endelea, tulikuwa wapi?" Nilimwandikia mwalimu wangu kuuliza sehemu ya nne. Akajibu hajaiona. Nilipomweleza Bibi, aliguna tu, akasema huenda mwandishi naye anapindua nyasi.

Maharage ya ntumba aliyaonja. Alikula machache, akayasifia kuliko yalivyostahili. Baridi ilipokolea hakutoka tena nje. Siku moja mchana nimekaa karibu na kitanda chake, nikadhani amelala.

"Mume wangu."

"Naam, Bibi."

"Yule binti bado yuko mlangoni?"

"Bado yuko."

Akafikiri. "Mwambie asikae kwenye upepo."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mimi. Alfajiri tukaamshwa na kilio cha shangazi.

Mvua zilipokuja tulibomoa vilima vyake, tukasia ulezi. Ulikubali. Pombe tuliyowapa watu siku ya misa yake ya mwaka ilitoka kwenye shamba lile, na mzee mmoja jirani akaonja akasema, huyu mama alijua kupindua. Sehemu ya nne ya hadithi sijaiona hadi leo. Wanangu wamekua wakimjua Sikitu aliyeshika komeo, na kila mmoja ana jawabu lake kuhusu ile sauti. Mimi hushika la Bibi. Nashindwa kubishana na mtu aliyekwishapita mlango mwingine.

Sasa nisikilize, wewe unayeuliza uanze au usubiri.

Walisema wahenga, kawia ufike. Ni kweli, lakini aliyekawia kuondoka si sawa na aliyekawia njiani. Wa njiani walau ameona nchi. Nao wanasema aliye kando haangukiwi na mti. Hilo ndilo nimeliishi mimi, mkaa nyumbani mkuu wa Kizwite, na hakika hakuna mti ulioniangukia. Na kuni je, nimepata? Kizuri hakikosi ila. Kitabu kisichoisha kina ila moja kubwa, sikatai. Utafika mahali barabara imekatika, nawe utaumia, na hakuna wa kumlaumu. Kama hutaki kuumia, soma kijarida cha mbolea.

Sisemi usome kila kilichochapwa. Kitabu kibovu hata kikifika mwisho ni kibovu kilichofika mwisho. Lakini usikipime kwa ukurasa ambao haujaandikwa. Kipime kwa huu ulioushika. Kama huu unakuchekesha, unakukasirisha, unakufanya ubishane na shangazi yako, umeshalipwa. Na mwandishi akichelewa, msimtukane kwenye simu zenu hizo. Hamjui kifua chake kinavyopumua.

Zaidi ya yote, usimnyime mtu mwanzo kwa sababu umekwisha kumhesabia mwisho. Si huruma hiyo. Ni kumzika akiwa amekaa anaota jua.

Anjela, haya nimekutamkia uyaandike wewe, kwa mkono wako, na nimeona ulivyoinama usinionyeshe uso. Inua kichwa, mke wangu. Mimi si mtoto. Nenda kalete lile tofali juu ya kabati, ulipanguse vumbi, uvute kigoda huku kwenye jua. Tukikwama sote wawili tutabuni wenyewe. Nikikwama mimi kwanza, endelea kusoma, na siku kitabu cha tano kikitoka uje unisimulie pale makaburini, kwa sauti, usijali watu. Ukoo wetu watu wamezoea kuushangaa.

Mungu akupe hadithi ndefu kuliko maisha ya anayeisimulia, na mtu wa kubishana naye mpaka jua lizame. Kila kilima unachokipindua kikuotee, kama si kwako basi kwa wanao. Na popote utakapoachwa mlangoni, mwanangu, upepo usikupate.

Haya. Ukurasa wa kwanza.