Kidole Hakiingii kwa Sotet

Hiki kidole changu cha shahada, ukikiona kiko hai na kinafanya kazi, jua mama mkwe wangu ndiye aliyekiokoa. Na alikiokoa kwa kunipiga.

Naitwa Priscillah. Mimi ni Mkikuyu, binti wa wenye duka mjini Kericho, nikaolewa Kapsoit kwa Mama Elmina. Mama Elmina alichuna majani chai kwa miaka ishirini, aliimba sauti ya kwanza kanisani, na hakuna aliyemfikia kwa kutengeneza sotet, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Kibuyu husuguliwa ndani kwa sosiot, ufagio mdogo wa nyuzi ngumu za mtende. Sheria yake ilikuwa moja: kidole hakiingii! Kidole kinaharibu maziwa. Mimi kwetu tulizoea sufuria, kwa hivyo nilikuwa nasahau, na kila nikisahau nasimangwa mpaka majirani wanasikia. Mwaka wa kwanza aliwamwagia mbwa mursik yangu yote. Tangu siku hiyo hakuonja tena maziwa ya kibuyu changu. Niliumia, jamani, ingawa nilijifanya sijali.

Agosti 1996 wamama wa kwaya walienda Mombasa kwa mkutano wa kanisa. Mama Elmina alirudi na ndoo yenye kifuniko, imejaa maji ya bahari, maana watu wa Kapsoit walikuwa wamebisha kwamba maji yote yale yanaweza kuwa na chumvi. Majirani wakapanga foleni, kila mtu kijiko kimoja, wanatema na kucheka. Chini ya ndoo kulikuwa na makombe aliyoyaokota kwa ncha ya leso. Moja lilikuwa zuri ajabu, limechongoka upande mmoja, lina madoa ya kahawia.

"Hii nitashonea kibuyu ya Abigael," akasema. Abigael ni mpwa wake, alikuwa anaolewa Jumamosi. "Mama Chelimo, ioshe," akaniambia mimi.

Haki nilifurahi! Miaka mitatu, na leo ndiyo mara ya kwanza ananiachia kazi ya kibuyu cha watu. Nikamfunga vizuri mtoto wangu Chelimo mgongoni, nikalitoa kombe kwa upawa, nikaliweka kwenye karai. Kwenye ule ufa wake mwembamba niliona kitu laini, nikadhani ni uchafu wa baharini. Kumbe mle ndani alikuwa konokono mzima, mwenye sumu ya kumlaza mtu asiamke tena. Nani angeniambia? Nikanyoosha kidole.

Paa! Mwiko wa ugali ukanitua mkononi.

"Kidole tena? Sosiot iko wapi?"

Nilivimba kwa hasira. "Lakini Mama, hiki si kibuyu! Ni kombe tu!"

"Kitu yenye iko na mdomo inaoshwa na sosiot. Toka hapo."

Akalikandamiza kombe kwa kitambaa cha kuepulia sufuria, akasukuma sosiot kwenye ule ufa. Hapo hapo kikachomoza kitu chembamba kama mnyoo, kikazidunga zile nyuzi.

"Woi! Iko hai!" Mama Elmina aliruka nyuma, kitambaa kule, yeye huku. Kwenye sosiot ilibaki sindano nyeupe, nyembamba kama ndevu za hindi.

Tukamwita jirani yetu, mwalimu Joram, anayefundisha bayolojia. Alikuja na lenzi yake akitucheka. Alipoichungulia ile sindano, kicheko kikamwisha.

"Msimguse," akasema. "Huyu huwinda samaki. Jino lake ndilo sindano, na sumu yake si ya aina moja. Ni mchanganyiko wa protini ndogondogo, zinaitwa peptidi, mamia yake. Hii inaziba mishipa ya fahamu, ile inalegeza misuli, hata ya kupumua."

"Na akidunga mtu?" nikauliza.

"Mtu anaweza kufa kabla hajafika hospitali. Dawa ya kuipinga sumu yenyewe haijapatikana."

Nikaketi juu ya gunia la mahindi. Chelimo alikuwa anakoroma mgongoni kwangu. Miezi sita tu, Ngai!

Joram alituambia pia kuwa wataalamu ng'ambo wanaijaribu peptidi moja ya konokono wa namna hiyo iwe dawa, kwa maumivu ambayo hata mofini inashindwa kuyatuliza. Mama Elmina, na mgongo wake wa majani chai, akachangamka. "Basi weka kidogo tu hapa kwa kiuno, mwalimu!" Tulicheka mpaka machozi yakatoka. Yangu hayakuwa ya kicheko peke yake.

Mwalimu akaondoka na konokono wake ndani ya ndoo. Kibuyu cha Abigael kikashonewa kauri za sokoni.

Jioni Mama Elmina aliushika mkono wangu, uliokuwa bado mwekundu, akaupaka mafuta polepole. Akasema, "Mama Chelimo, ningekuwa mama mkwe mzuri, leo tungekuwa tunakuzika."

Nilitaka kucheka, nikalia.

"Wacha kulia. Kwa kibuyu yako iko maziwa?"

Nikammiminia. Alikunywa, akafuta mdomo, akanitazama.

"Iko na ladha ya kidole," akasema, na akanisukumia kikombe nimwongeze.